Kikapu cha Paka wa Kuazima

Siku ya kuniaga ofisini, mshereheshaji aliyasoma mambo yangu kwenye kipaza sauti: majosho niliyoyasimamia, kuku niliowachanja kideri, ng'ombe wa maziwa niliowahudumia mpaka nikawajua kuliko nilivyowajua shemeji zangu. Alipomaliza, kijana mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti, "Na nyau je, mama?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa nimeshika kipande cha keki, na mtu hawezi kugomba vizuri na keki mkononi. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna. Basi ninyi wadogo zangu mliobaki kazini, ninayoyaandika hapa ni hayohayo ya nyau. Ya ng'ombe mtayakuta kwenye vitabu, na waliovipiga chapa wamejitahidi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kisaki. Nilishuka kwenye treni na sanduku la bati na viatu vyenye kisigino, mvua imenyesha, matope mpaka kwenye ngazi ya behewa. Aliyekuja kunipokea alikuwa mkuu wangu wa kazi, Mzee Kobelo, Mluguru wa Matombo, mfupi, kofia ya kiua imemkaa kisogoni. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaviangalia viatu vyangu kwa utulivu.

"Hivyo umekuja navyo kufanya kazi au kuolewa?"

"Kazi, mzee."

"Basi vivue. Kuna mbuzi anatusubiri."

Mbuzi huyo alikuwa hali wala hacheui, na mwenye mbuzi alikuwa na hakika kwamba jirani kamloga. Nilikuwa na cheti cha chuo mkononi na magonjwa yote kichwani kwa mpangilio wa alfabeti, nikaanza kuyataja moja baada ya jingine. Mzee Kobelo aliniacha nikachoka. Kisha akachuchumaa, akambana mbuzi katikati ya magoti, akamfungua mdomo na kummulika kwa tochi yake ya bati iliyofungwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usitoke. Kamba ya nailoni ilikuwa imejizungusha kwenye magego, imekata ulimi. Aliitoa kwa kidole, akamwonyesha mwenye mbuzi, akamwambia huyo ndiye mchawi wake.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia neno ambalo nimeishi nalo. "Mnyama hasemi, lakini ukimfungua mdomo amekwambia nusu. Sasa wengi wetu tunaogopa kufungua. Tunasimama mbali, tunatoa jina la ugonjwa." Nilipohamishwa kutoka Kisaki alinipa ile tochi. Nilisema sistahili. Akasema kweli sistahili, ila yeye alikuwa anakaribia kustaafu na mkewe hakuwa na magego ya kumulikwa.

Kutoka hapo nilipelekwa Ngerengere. Sitaandika mengi ya Ngerengere. Ni mji wa reli na askari, watu wake wacheshi, na nilipata marafiki ambao hadi leo tunapigiana simu. Lakini huko ndiko nilikomwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa fundi viatu. Mbwa wake mwenyewe alimng'ata, akaona aibu kumpeleka mbwa wake kwa watu, akafunga jeraha kwa kitambaa na hakwenda kuchomwa sindano. Nilipoitwa, mbwa alikuwa amekufa zamani na yule bwana alikuwa anaomba maji, kikombe kikikaribia anakisukuma. Nawaambia haya ili mjue kwamba nilipogombana na watu baadaye, sikugombana kwa sababu siogopi kichaa. Nakiogopa kuliko wao. Wao walikuwa wamekisikia tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamia Morogoro mjini, nilipangiwa kata kadhaa, Mwembesongo ikiwamo. Pale kulikuwa na safu mbili za stoo za mchele na mahindi zilizotazamana, na pamoja na mchele kulikuwa na panya, na pamoja na panya kulikuwa na paka. Hao paka walikuwa wafanyakazi. Kila mmoja alikuwa na sifa yake: huyu hodari wa darini, yule wa chini ya magunia, mwingine mvivu lakini harufu yake tu inatosha. Na wenye stoo walikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Waliazimana paka.

Desturi hiyo ilikuwa na adabu zake. Kulikuwa na kikapu kimoja cha ukindu chenye mfuniko, kilichozunguka safu zote mbili. Ukizidiwa na panya, ulikwenda kwa jirani na kikapu, ukamwazima paka wake kwa muda, ukamlisha. Ukimrudisha, kikapu hakirudi kitupu. Pamoja na paka ulitia dagaa, au vichwa vya samaki, ndipo ukaaga. Kurudisha kikapu kitupu ilikuwa ni kumtukana mtu. Niliipenda desturi hiyo siku ya kwanza nilipoiona, na ndiyo iliyotuletea balaa.

Aliyesifika kuliko paka wote alikuwa Sultani, dume la rangi ya majivu, sikio moja limeliwa vitani. Mwenyewe alikuwa Bi. Mwajuma, mjane aliyeiendesha stoo ya marehemu mumewe peke yake. Stoo hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha, na Sultani ndiye aliyekuwa anailinda. Bi. Mwajuma alisema bila utani kwamba mume alimwachia vitu viwili, mizani na paka, na mizani ilikuwa haisemi kweli kila siku.

Asubuhi moja walinipigia simu: njoo, paka wameingiwa na kichaa. Nilifika nikakuta watu wamejazana kati ya safu mbili za stoo. Paka mmoja alikuwa ameshapigwa marungu, amelala kwenye pumba. Mlango wa Bi. Mwajuma ulikuwa umefungwa na mwenyewe amesimama mbele yake, mikono ameitanua. Aliyekuwa akiongea alikuwa Mzee Banzi, mwenyekiti wa kamati ya wenye stoo, mtu mzima mwenye kanzu safi na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya utumbo uliokatwakatwa, na pembeni sumu ya kuchanganyia.

"Shikamoo, Mzee Banzi."

"Marahaba, Mama Mifugo. Umekuja wakati mzuri. Tunawamaliza wote leo, safu zote mbili. Watoto wa wapagazi wanacheza hapa. Akitafunwa mmoja, nitamjibu nini mzazi wake?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, ingawa kwa siku zile nilimwita majina ambayo sitayaandika. Neno lake lilikuwa la haki kabisa. Ila alikuwa amesimama mbali na kutoa jina la ugonjwa.

"Umeona nini, mzee?"

"Povu! Wanatoka povu, wanatembea upande upande, maji hawagusi. Unataka nini tena?"

"Nataka kuona linakotoka," nikamjibu, kisha nikamwomba Bi. Mwajuma anifungulie.

"Mama Mifugo, usiingie humo. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi tuingoje hiyo Idi, mzee wangu."

Niliingia na glavu za ngozi za ofisini, ambazo moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba tangu enzi ya mtangulizi wangu, na taulo la kumfungia paka. Sultani alikuwa nyuma ya magunia. Udenda ulikuwa umelowesha kifua chote, povu limeganda kwenye sharubu, na alipojaribu kunikimbia alichechemea kama amekanyaga mwiba kila mguu. Nilimwona fundi viatu wa Ngerengere. Kisha Sultani akapiga chafya. Akapiga nyingine, makamasi yakaruka.

Nilimzungushia taulo, nikambana kama alivyobanwa yule mbuzi, nikamfungua mdomo na kummulika kwa tochi ya bati. Juu ya ulimi kulikuwa na vidonda vyekundu, vimechimbika, kingo zake nyeupe. Nikainamisha uso zaidi. Nikasikia harufu ya ndimu.

"Bi. Mwajuma, umempa nini huyu?"

"Ndimu na chumvi tu, mama. Alikuwa hali, nikamwona ana vidonda mdomoni. Nikamsugua, kama tunavyowasugua watoto."

"Na wenzako?"

"Niliwaambia nao. Paka zao nao walikuwa na vidonda. Wote tumesugua, asubuhi hii hii."

Sasa mjaribu ninyi kusuguliwa ndimu na chumvi kwenye kidonda cha ulimi, muone kama hamtatoka povu. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Hapo ndipo nilipolegeza mkono, na Sultani, ambaye alikuwa na haki yake, akaning'ata kidole gumba kupitia lile tundu la glavu.

Nilitoka nje damu inatiririka. Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mzee Banzi alishika kichwa. "Nilisema! Nilisema mimi!"

Niliomba sabuni, nikakinga mkono kwenye bomba na kuosha kwa muda mrefu huku nikizungumza, kwa sababu niliona nikinyamaza ndoo ya utumbo itaanza kazi. Niliwaambia kwamba kichaa huingia kwa kung'atwa, na hakimpigishi paka chafya wala hakiwapangi paka wa stoo zilizotazamana wakaugua kwa zamu. Niliwauliza nani alimwazima Sultani mwisho, na kabla yake nani, na kabla yake nani. Mmoja mmoja walianza kujibu, na kila aliyejibu alikuwa na paka mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa umetembea ndani ya kikapu, mate na makamasi ya paka huyu yakimngoja paka yule, na dagaa wa shukrani juu yake.

"Maneno ni mazuri," Mzee Banzi akasema. "Na kama umekosea?"

"Kama nimekosea, mimi ndiye niliyeng'atwa. Paka huyu nakwenda naye. Sheria yetu ni siku kumi: paka aliyeng'ata mtu, kama ana kichaa, hazimalizi mzima. Akifa, au akionyesha dalili, ninyi wote mtajua na mimi nitakuwa wa kwanza. Akipona, hiyo ndoo mnafukia. Katikati hapa kila mtu amfungie paka wake ndani, watoto wasiingie. Na yule mliyemuua nipeni kichwa chake, nakipeleka maabara."

Wakanipa. Nami nikaenda moja kwa moja hospitali kuchomwa sindano za kuzuia kichaa, zote kwa ratiba yake, bila kuruka hata moja. Hapa wadogo zangu msinielewe vibaya. Nilikuwa na hakika, lakini fundi viatu naye alikuwa na hakika na mbwa wake. Ukaidi si ujinga. Ukitaka kushindana na watu, kachome sindano kwanza, halafu urudi ushindane.

Mkuu wangu wa wakati huo, daktari wa mifugo aliye mdogo kwangu kwa umri, aliniona naingia ofisini na bandeji mkononi na paka kwenye kizimba.

"Mama, serikali haikutuajiri kwa ajili ya paka."

"Watu wanaoishi na hao paka nao si wa serikali?"

Akachukua tochi yangu, akamwangalia Sultani mdomoni kwa utaratibu, akasema tunachokiona kinafanana na kirusi cha paka kinachoitwa kalisi: mafua, vidonda vya ulimi, na kwa baadhi yao viungo kuuma mpaka wanachechemea. Akaongeza kwamba kinamuumiza paka na si mtu, kwamba hakina dawa ya kukiua, mnyama huhudumiwa tu mpaka mwili wake ushinde, na kwamba sabuni ya kawaida haikiwezi, kinataka klorini. Alichukua mate kwa pamba kwa ajili ya maabara, akaniruhusu chumba cha nyuma. Nilimshukuru, na sikumkumbusha tena habari ya serikali.

Kesho yake nilipata habari kwamba Mzee Banzi amewapa sumu paka wa stoo zake mwenyewe. Alisema wa wenzake atawangoja siku zao, lakini wake ni wake. Nilikwenda nikawakuta wamepangwa nyuma ya mashine ya kukoboa, mama na wanawe. Wengine walikuwa na mafua tu. Wangepona. Nililia pale pale mbele ya wapagazi, na sikusingizia pumba kuingia machoni.

Siku zile zilikuwa ndefu. Nilimsafisha Sultani pua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, puani, si kwenye vidonda. Nilimchemshia dagaa, nikawasaga na supu yao mpaka wakawa uji, kwa sababu paka asiyesikia harufu na mwenye ulimi uliochimbika hatafuni. Alinitazama kwa dharau, hakula. Kila asubuhi Mzee Banzi alipita ofisini, akasimama dirishani, akauliza, "Bado?" Nikamjibu, "Bado." Na kila nilipokunywa chai nililisikiliza koo langu. Nilimeza fundo la kwanza polepole kama mtu anayejaribu daraja. Nilikuwa nimechomwa sindano, kitabu kilikuwa upande wangu, na bado nilimeza hivyo. Aliyewahi kuona kikombe kikisukumwa haachi kukiwaza.

Ilipofika katikati, Sultani alilamba uji. Mara moja, akaacha. Akarudi akalamba tena. Nilikaa sakafuni nikamwangalia mpaka akamaliza, na nilipoinuka Mzee Banzi alikuwa dirishani, sijui tangu saa ngapi. Hakuuliza kitu siku hiyo.

Majibu ya kile kichwa yalirudi: hakuna kichaa. Siku zilipotimia, nilimbeba Sultani mikononi, ananguruma, nikapita naye katikati ya safu mbili za stoo polepole makusudi, kila mtu aone. Majibu ya mate yalichelewa sana, yakaja wakati Sultani mwenyewe keshasahau: kalisi, kama daktari alivyosema.

Mnaweza kudhani baada ya hapo nilipendwa. Ndoo ya utumbo ilifukiwa, sawa. Wote walikubali kuosha sakafu na vyombo kwa maji ya klorini, ile inayoacha madoa meupe kwenye kanga. Walikubali kila paka awe na sahani yake. Lakini nilipokichoma moto kile kikapu na kusema hakuna kuazimana tena, kelele zilikuwa kubwa kuliko za siku ya povu. Niliwaeleza kwamba paka aliyepona anaweza kuendelea kukibeba kirusi kwa muda mrefu akiwa mzima kabisa, akawapa wenzake. Wakasema nimevunja ujirani. Mmoja aliniita mwalimu wa ubinafsi. Nilimwitikia, nikaendelea kukoroga klorini.

Paka akiondoka, panya hutawala, na kwenye stoo za Mzee Banzi hapakuwa na paka aliyebaki. Kwanza tulisikia magunia yametobolewa chini. Kisha wapagazi walianza kusema kwamba kwake panya wanakimbia mchana. Alitega mitego, panya wakaizoea. Kurudi kwenye sumu ndani ya mchele wa watu hakuthubutu, hilo nampongeza.

Alasiri moja nilikuwa kwa Bi. Mwajuma, nakagua paka, nikamwona Mzee Banzi anavuka kuja upande wetu. Alikuwa ameshika kikapu kipya cha ukindu, chenye mfuniko, rangi yake bado mbichi. Aliketi kwenye gunia bila kukaribishwa. Wapagazi wakapunguza mazungumzo.

"Bi. Mwajuma," akasema, "mimi ni jirani yako tangu enzi ya marehemu."

"Ni kweli, Mzee Banzi."

"Nimezidiwa. Niazime Sultani. Wiki moja tu." Akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na dagaa, tena dagaa wazuri, wakavu. Kwa desturi dagaa huja wakati wa kurudisha. Yeye alikuwa amewatanguliza.

Bi. Mwajuma alinitazama. Nikasema tu lile nililokuwa nimeshalisema: amepona, lakini huenda bado anakibeba, na paka mpya yeyote atakayeletwa stoo ile ataugua kwake. Sikuongeza. Ya ziada yalikuwa yamejaa mdomoni, nikayameza, safari hii bila shida yoyote kooni.

Bi. Mwajuma alikichukua kikapu. Akawamwaga dagaa kwenye sahani ya Sultani, wote, akakikung'uta chini mpaka mabaki yakaisha. Sultani akaja, hachechemei, akaanza kula.

"Ahsante kwa dagaa, jirani," akasema. "Anashukuru, siku ile alikuwa ana kichaa, hakuweza kutafuna."

Kisha akamrudishia Mzee Banzi kikapu, mfuniko umefunguliwa, mbele ya watu wote. Kitupu.